Chanjo ya ndigana kali ipo, lakini haijamfikia mwenye ng'ombe wawili

Mfugaji wa ukanda wetu hahitaji maabara kuijua ndigana kali. Ndama aliyekuwa akirukaruka juzi anaanza kubaki nyuma ya wenzake, masikio yamelegea, hanyonyi. Ukimpapasa chini ya sikio na mbele ya bega unakutana na mitoki imevimba. Siku chache baadaye anahema kwa shida huku shingo ameinyoosha, povu jeupe linamtoka puani, na hapo hata aliye na fedha mfukoni anajua amechelewa. Tangu homa ianze hadi mnyama afe, mara nyingi ni wiki chache tu.

Anayeuleta ugonjwa huu ni kupe wa rangi ya kahawia anayependa kukaa masikioni. Kimelea chenyewe, Theileria parva, huingia kwenye seli nyeupe za damu na kuzilazimisha zizaliane ovyo, kwa namna inayofanana mno na saratani, kiasi kwamba wanasayansi wa saratani nao wamekichunguza kwa miaka mingi. Kipo kuanzia Sudan Kusini hadi Msumbiji, na makadirio yanayotumika sana yanasema kinaua zaidi ya ng'ombe milioni moja kila mwaka. Ng'ombe wa kienyeji akinusurika utotoni hubaki na kinga. Chotara wa Friesian au Ayrshire, yule tunayemhimiza mkulima amfuge ili apate maziwa, akipatwa bila kinga uwezekano wa kupona bila matibabu ya haraka ni mdogo sana.

Njia ya kumkinga ng'ombe huyo iligunduliwa hapa hapa Afrika Mashariki na inafanya kazi tangu miaka ya 1970. Ni sindano moja ya maisha. Nusu karne imepita na ndama bado wanakufa. Tukiuliza sababu, jibu tunalopewa mara nyingi ni kwamba wafugaji hawana elimu, au hawana fedha. Mimi naona jibu liko kwingine: utafiti wetu uliishia mlangoni mwa maabara. Swali la jinsi chanjo itakavyomfikia mtu mwenye ng'ombe wawili tulilihesabu kuwa kazi ya usafirishaji, kana kwamba halihitaji sayansi. Kumbe hilo ndilo lililobaki gumu kuliko yote.

Muguga ni eneo la baridi magharibi mwa Nairobi, upande wa Kikuyu. Hapo ndipo lilipokuwa shirika la utafiti wa mifugo la Afrika Mashariki, lililogharamiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania. Watafiti wake walifahamu kwamba ng'ombe aliyepona ndigana haugui tena kirahisi. Wakajiuliza kama inawezekana kumwambukiza kwa makusudi kisha kuuzuia ugonjwa usifike mbali. Waliwalisha kupe kwenye ng'ombe wenye vimelea, wakawakuza, wakawalisha tena kwenye sungura, wakawasaga, wakachuja vimelea na kuvigandisha kwenye nitrojeni ya kimiminika. Siku ya kuchanja, mnyama alipigwa sindano ya vimelea hai na papo hapo sindano ya oksitetrasaiklini, antibiotiki inayokaa mwilini kwa muda mrefu, ile ambayo wafugaji wengi wanaiita OTC. Dawa inapunguza kasi ya kimelea, mwili unapata nafasi ya kujifunza kupambana nacho. Mwaka 1975 walichapisha matokeo ya kuchanganya aina tatu za kimelea, moja ya Muguga penyewe, nyingine ya Kiambu na ya tatu iliyotoka Serengeti. Mchanganyiko huo ndio unaotumika hadi leo.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Shirika la pamoja likafa nayo, kila nchi ikabaki na kipande chake, na chanjo ambayo ilikuwa imeshathibitishwa ikabaki kama mtoto wa familia iliyosambaratika. Mashirika ya kimataifa yaliibeba kwa vipindi. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa mifugo cha Nairobi ambacho leo kinaitwa ILRI kilitengeneza toleo la dozi milioni moja katikati ya miaka ya 1990, kikatengeneza jingine mwaka 2008, kisha kazi ikahamishiwa kituo cha magonjwa ya kupe kilichoko Lilongwe, Malawi. Toleo moja huchukua takriban mwaka na nusu, mamia ya sungura na mamia ya maelfu ya kupe. Si bidhaa ya kuagiza leo ukaipata kesho.

Ilipotumika, ilileta mabadiliko makubwa. Kaskazini mwa Tanzania, kwenye maboma ya Wamasai ambao wanaiita ndigana oltikana, uchanjaji wa kulipia ulianza kushika kasi mwishoni mwa miaka ya 1990. Ukifika asubuhi siku ya chanjo utawakuta ndama wamefungiwa tangu alfajiri, wanaume wakiwashika mmoja mmoja. Mtungi wa nitrojeni unafunguliwa na moshi mzito wa baridi unamwagika pembeni, mrija mwembamba unatolewa kwa koleo, unayeyushwa, unachanganywa na maji yake maalumu na kuwekwa kwenye barafu. Kuanzia hapo saa zinahesabika, maana vimelea ni hai na vinakufa. Kila ndama anapimwa kifua kwa utepe ili kukisia uzito, kwa sababu kiasi cha OTC kinategemea uzito huo, na ukikosea kwa kupunguza unaweza kumpa mnyama ugonjwa ule ule uliokuja kuuzuia. Anachomwa sindano ya vimelea chini ya ngozi karibu na sikio, ya dawa kwenye msuli, anavishwa hereni. Mrija mmoja una dozi zipatazo 40. Kwa boma lenye ndama 60 au 100, hesabu inakaa vizuri, na kazi inaisha kabla ya jua kali.

Vifo vya ndama vilipungua mno. Wanunuzi mnadani wakaanza kuiulizia ile hereni. Kuna utafiti mmoja wa Kenya, uliochapishwa mwaka 2016 na wachumi na madaktari wa mifugo wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Washington State, ambao naona ungepaswa kusomwa na kila mbunge anayejadili bajeti ya mifugo. Ulikuta kwamba kaya za wafugaji zilizochanja dhidi ya ndigana zilipoteza mifugo michache, zilipata maziwa zaidi, zilipunguza gharama za dawa, na fedha iliyobaki ilikwenda kwenye chakula na elimu. Wasichana wa kaya hizo walihudhuria sekondari zaidi. Sindano kwenye ngozi ya ndama ikaonekana kwenye daftari la mahudhurio shuleni.

Sasa tumwangalie mwanamke wa Rungwe, au wa Lushoto, au wa Kiambu, mwenye ng'ombe wawili bandani. Mmoja ni mtamba aliyempata kwa mpango wa kukopeshwa ng'ombe na kulipa ndama. Maziwa ya jioni ni ya watoto, ya asubuhi yanakwenda kituo cha kukusanyia. Hatoki na ng'ombe malishoni, lakini majani anayokata kando ya barabara yanakuja na kupe wake. Mtamba huyo akifa, kinachoondoka ni kipato cha nyumba nzima, pamoja na deni ambalo bado hajalilipa. Yeye ndiye anayehitaji kinga hii kuliko mtu yeyote, na ndiye aliyeachwa nje.

Aliachwa na ukubwa wa mrija. Ili dozi 40 zitumike kabla hazijaharibika, lazima wapatikane ng'ombe 40 mahali pamoja, siku moja, ndani ya saa chache. Kwa wafugaji wa ng'ombe wawili wawili, hiyo maana yake ni kaya 20 zinazokubaliana, zote zina fedha taslimu wiki hiyo hiyo, hakuna mwenye ng'ombe mgonjwa, na wote wako tayari kuwatoa bandani ng'ombe waliozoea kulishwa ndani. Zikija kaya saba, mchanjaji aliyesafiri kilomita 80 na mtungi wake anapata hasara au anawatoza wale saba gharama ya dozi zilizomwagwa. Akipatwa na hilo mara mbili, harudi tena kijiji hicho. Anakwenda kwenye maboma makubwa, na huwezi kumlaumu.

Ndiyo maana siridhiki ninaposikia kwamba tatizo ni bei. Chanjo hii kwa mnyama mmoja ni sawa na dola kadhaa za Marekani, mara moja kwa uhai wake wote. Mtamba chotara mwenye mimba anauzwa zaidi ya shilingi milioni moja za Tanzania. Matibabu ya ndigana kwa buparvakwoni, dawa inayosaidia ikiwahi, mara nyingi yanamgharimu mfugaji kuliko chanjo yenyewe, na hana uhakika kama mnyama atapona. Kuna ambao kweli hawana hata hiyo fedha, na wao wanahitaji ruzuku. Lakini kundi kubwa lingelipa, kama kungekuwa na mtu wa kumlipa anayefika mlangoni na dozi mbili.

Tunao mfano wa jinsi jambo hili linavyotatuliwa, na ajabu ni kwamba nao ulianzia Muguga. Sotoka, iliyoangamiza sehemu kubwa kabisa ya ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890 na kuacha njaa nyuma yake, ilipata chanjo bora kwa kazi ya Walter Plowright na wenzake pale Muguga, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Ilikuwa salama, ya bei nafuu, na kinga yake ilidumu. Kasoro yake ilikuwa moja: bila jokofu iliharibika haraka. Kwa hiyo ilifika ambako gari lenye barafu lilifika, na sotoka ikajificha ambako gari halikufika: Karamoja kule Uganda, Sudan Kusini, nyanda za Waafar kule Ethiopia. Kila kampeni ilipomalizika, ugonjwa ulirudi kutoka maficho hayo.

Kilichovunja mzunguko huo hakikuwa kirusi kipya cha chanjo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mtafiti Jeffrey Mariner alishughulikia jambo ambalo wengi wangeliona dogo, yaani namna ya kuikausha chanjo ile ile ya Plowright. Akapata chanjo iliyostahimili wiki kadhaa bila jokofu. Mtu aliweza kuibeba mgongoni na kutembea nayo siku tano. Wafugaji wenyewe walifundishwa kuchanja, maana wao ndio waliojua kundi gani liko bonde gani mwezi gani. Kisa cha mwisho kilionekana Kenya mwaka 2001, na mwaka 2011 dunia ikatangazwa kuwa huru na sotoka, ugonjwa wa pili kutokomezwa baada ya ndui. Walichohitaji watu wa Karamoja kilikuwa mtafiti aliyekubali kwamba umbali wa kutembea kwa miguu ni swali la maabara.

Ndigana haiwezi kufuata njia ile ile neno kwa neno. Chanjo yake ni ugonjwa hai unaodhibitiwa kwa dawa, hivyo haiwezi kukabidhiwa mtu yeyote. Mchanjaji lazima afundishwe, apewe leseni na arudi kuwaangalia wanyama baada ya wiki mbili hivi, kwani wachache hupata homa na kuhitaji matibabu. Hata hivyo yapo maswali ya aina ya lile la Mariner yanayongoja kujibiwa. Mrija wa dozi nne au tano unaweza kutengenezwa kwa bei gani? Vimelea vikishayeyushwa vinaweza kuongezewa saa ngapi za uhai kwenye barafu ya kawaida? Juhudi zimefanyika kuhusu vifungashio vidogo na muda wa kukaa, lakini kwa uzito usiolingana na ukubwa wa tatizo. Fedha nyingi zaidi zimekwenda kwenye ndoto ya chanjo ya kizazi kipya isiyohitaji kupe wala nitrojeni. Jenomu ya kimelea ilichapishwa mwaka 2005, protini yake inayoitwa p67 imechunguzwa kwa miongo mitatu, na bado hakuna chupa ya chanjo hiyo dukani. Kazi hiyo iendelee kwa nguvu zote, kwani siku moja italipa. Ila mtamba wa Rungwe hawezi kusubiri siku hiyo.

Kwa upande wa nitrojeni, sielewi kwa nini bado tunaizungumzia kama kikwazo kisichovukika. Wahimilishaji wanazunguka na mitungi ya nitrojeni vijijini kila wiki, wakipeleka mbegu za madume bora. Tanzania ina kituo cha taifa cha uhimilishaji Usa River, Arusha. Kenya ina kituo chake Kabete. Wateja wa mhimilishaji ni wale wale wenye ng'ombe wawili watatu wa maziwa. Anajua nani ana mtamba, nani ana ndama wa miezi miwili, kwa sababu yeye ndiye aliyepandikiza mimba. Tunamtuma azalishe ndama chotara asiye na kinga kabisa dhidi ya ndigana, kisha miezi tisa baadaye tunamwacha ndama huyo kwa kupe. Mhimilishaji mwenye leseni ya kuchanja, mtungi wenye nafasi ya mirija miwili ya ziada, na orodha ya ndama waliozaliwa kata nzima robo mwaka hii: hapo kaya 20 za siku moja zinaanza kupatikana. Ni jambo la kupimwa katika wilaya chache, kwa hesabu za gharama zilizo wazi.

Wapo wataalamu wenye hofu za msingi kuhusu chanjo hii na hawastahili kupuuzwa. Mnyama aliyechanjwa hubaki na kimelea kidogo mwilini na anaweza kumpa kupe, kwa hiyo kuchanja kwa aina za kimelea zilizotoka mbali ni kuziingiza mahali ambapo hazikuwepo. Kwa hoja hiyo Kenya kwa miaka mingi iliegemea aina ya Marikebuni, iliyotoka pwani yake yenyewe, badala ya mchanganyiko wa Muguga. Na kuna nyati. Nyati ndiye mwenyeji wa asili wa kimelea hiki, anaishi nacho bila kuugua, na aina anazobeba ni nyingi kuliko zile tatu zilizomo kwenye mrija. Jaribio lililofanyika Ol Pejeta, Laikipia, lilionyesha wazi kwamba ng'ombe waliochanjwa wakichungwa pamoja na nyati wanaweza kuugua na kufa. Mfugaji wa kando ya hifadhi lazima aambiwe hivyo kabla hajatoa fedha yake.

Aambiwe pia kwamba chanjo hii haizuii ndigana baridi, wala maji moyo, wala ugonjwa wa kukojoa damu. Josho bado linahitajika, japo si kwa wingi ule ule. Nasisitiza hili kwa sababu imani ya mfugaji ikivunjika mara moja inachukua miaka kuirudisha. Mwishoni mwa 2024 na mwanzoni mwa 2025 mpango wa Kenya wa kuchanja mifugo nchi nzima ulipokelewa kwa uvumi na upinzani mkali, na magonjwa yaliyolengwa yalikuwa ya kawaida kabisa. Uvumi unaota pale ambapo mtaalamu hufika siku ya sindano tu, na haonekani tena hadi kampeni ijayo.

Linabaki suala la nani analipa. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika waliafikiana Khartoum kwamba kila nchi itumie angalau asilimia moja ya pato lake kwa utafiti na maendeleo. Nchi zetu nyingi hazijakaribia hapo. Pengo lilizibwa na wafadhili, na mwanzoni mwa 2025 tuliona pengo linavyofunguka kwa siku moja: Marekani ilipoivunja USAID, shirika lake la misaada, mitandao ya utafiti wa kilimo na mifugo iliyoendeshwa na vyuo vyake vikuu kwa ushirikiano na taasisi zetu ilisimamishwa karibu yote, ikiwamo miradi iliyokuwa katikati ya utekelezaji. Mwaka 1977 tulijivunjia wenyewe. Safari hii uamuzi ulifanyika Washington, na aliyeathirika ni mtafiti wa Kabete au Morogoro aliyekuwa na sampuli zake kwenye friza.

Tanzania ilizindua mwaka huo huo wa 2025 kampeni ya kitaifa ya chanjo yenye ruzuku, ikianza na homa ya mapafu ya ng'ombe, sotoka ya mbuzi na kondoo, na magonjwa ya kuku. Ni hatua kubwa na ninaiunga mkono. Ndigana kali haiwezi kuingizwa humo kwa kupulizia kipenga, kwa sababu haichanjwi kwa mstari wa ng'ombe elfu moja kwa siku. Inahitaji fungu lake: mitambo ya nitrojeni katika kanda za maziwa ambako kwa sasa mtungi hujazwa kwa safari ya siku nzima, mafunzo na leseni kwa wahimilishaji, na ruzuku inayofidia dozi zinazomwagwa ili mchanjaji asiogope kwenda kwenye kijiji cha kaya saba. Hiyo ya mwisho ni rahisi kuliko zote. Kwa utaratibu huo serikali haigawi chanjo bure. Inalipa tofauti kati ya dozi zilizotumika na dozi zilizofunguliwa, kwa mchanjaji aliyesajiliwa, kwa hereni zilizoandikishwa.

Na Lilongwe ipewe oda. Kiwanda kinachohitaji mwaka na nusu kutengeneza toleo moja hakiwezi kuishi kwa manunuzi ya kubahatisha ya nchi moja moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya sasa ina nchi nane, na takriban zote zina ndigana au zinapakana na ilipo. Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zikikaa pamoja na kuagiza dozi za miaka mitano kwa mkupuo, zikiweka sharti kwamba sehemu ya oda hiyo ije kwenye mirija ya dozi tano, mtengenezaji atakuwa na sababu ya kibiashara ya kubadilisha kifungashio ambacho leo hana. Mawaziri wa mifugo wa nchi hizo wanaweza kuliweka jambo hili kwenye ajenda ya kikao chao kijacho, na wafugaji wa maziwa wana vyama vya ushirika vya kutosha kuwauliza limefikia wapi.